Usiuze ng'ombe kabla ya kuuliza

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi ningeongeza, msomaji mpenzi, kwamba kutouliza ni gharama. Na gharama hiyo huonekana wazi huku kwetu kwenye majani chai, kati ya Kericho na Bomet, ambako karo ya mtoto hutokana na majani mawili na chipukizi moja, yachumwayo kwa vidole kilo baada ya kilo.

Huenda wewe unayesoma ukurasa huu ukiwa Nairobi, Nakuru au Mombasa unaijua chai ikiwa tayari kikombeni. Hebu nikueleze kidogo. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake katika viwanda vya KTDA, kama vile Mogogosiek, Kapkoros, Litein au Momul, hupata malipo madogo kila mwezi. Kisha mara moja kwa mwaka, aghalabu mwezi wa Oktoba, hulipwa fedha za mwisho tunazoziita bonasi. Bonasi ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo ng'ombe wa maziwa, ndiyo karo ya chuo. Mwaka wa 2025 wakulima wa huku walilalamika sana kwamba bonasi ilishuka. Basi familia inapoketi kuamua ni nani aende chuo kikuu na akasomee nini, hilo si jambo la mzaha.

Leo nataka tuzungumze juu ya fani moja ambayo vijana wengi wameanza kuitamani: tiba ya viungo, au fiziotherapia kama wengi wanavyoiita. Nakusudia hasa yule ambaye tayari ana shahada ya kwanza na anafikiria kuendelea na masomo ya juu, yaani uzamili. Lakini hata wewe mwanafunzi wa kidato cha nne, na wewe mzazi wake, nisikilizeni. Maswali ni yale yale.

Si kukanda tu

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi wakisikia tiba ya viungo hudhani ni kukandwa kwa mafuta na maji ya moto. Huku kwetu tuna wazee na akina mama wanaojua kuunga mifupa na kukanda misuli tangu zamani, na wanaheshimika. Lakini mtabibu wa viungo aliyesoma hufanya kazi pana zaidi.

Mzee aliyepatwa na kiharusi, mkono na mguu wa upande mmoja vikalegea, hufundishwa upya kuketi, kusimama na kushika kikombe. Siri yake ni kurudia tendo lile lile mara nyingi, mpaka sehemu za ubongo zilizosalia nzima zijifunze kazi ya zile zilizoharibika. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo husaidiwa kuinua shingo na kukaa. Aliyevunjika paja na kuwekewa chuma huzoeshwa kukunja goti kabla halijakauka likawa kama ubao. Mgonjwa aliyelala kitandani majuma mengi husaidiwa kutoa makohozi kifuani ili asipate nimonia. Yote hayo ni tiba ya viungo.

Nami nina sababu ya kuipenda fani hii. Mama yangu alichuma chai kwa miaka mingi katika shamba letu dogo huko Konoin, kikapu mgongoni, akiinama na kuinuka tangu umande haujakauka. Alipofika umri wa miaka sitini na kitu, mgongo ulimkatalia. Hakuweza kuketi kanisani hadi ibada iishe. Alimeza vidonge vya kila rangi. Aliyemsaidia hatimaye hakuwa mwenye dawa wala kisu, bali binti mmoja mtabibu wa viungo aliyemwonyesha jinsi ya kulala, kuinuka kitandani na kubeba mzigo, akampa mazoezi matano ya kufanya kila asubuhi. Mama hakurudi kuwa msichana, la hasha. Lakini alirudi kanisani.

Mgongo wa mama si wa peke yake. Mwaka wa 2022 mahakama ya Edinburgh, huko Scotland, iliwaruhusu wachuma chai wa Kericho kwa mamia kuendelea na kesi ya pamoja dhidi ya kampuni ya James Finlay (Kenya), wakidai kwamba kazi iliwaumiza migongo na viungo. Kampuni iliyapinga madai hayo, na mwaka wa 2023 majaji wakaisimamisha kesi ili kwanza ifuatwe njia ya fidia iliyowekwa na sheria ya Kenya ya mwaka wa 2007 kuhusu majeraha ya kazini. Sina nia ya kuamua kesi ya watu. Nataka tu uone, msomaji, kwamba viungo vya mwanadamu ni jambo zito katika nchi ya majani chai.

Zaidi ya hayo tuna barabara. Nani amesahau ajali ya Londiani ya Juni 2023, iliyoua watu zaidi ya hamsini? Walionusurika na majeraha walihitaji mtu wa kuwarejesha kwenye miguu yao. Tuna pikipiki za bodaboda zinazovunja miguu ya vijana kila juma. Na tuna wanariadha. Marehemu Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kuleta medali ya Olimpiki, alipotwaa shaba katika mita 800 huko Tokyo mwaka wa 1964. Tangu siku hizo vijana wetu hawajaacha kukimbia, na akimbiaye hukosi kumsikia akilalamikia goti au kano ya kisigino.

Kwa hivyo haja ya kazi hii ipo. Lakini haja ya wagonjwa ni jambo moja, na thamani ya karatasi utakayopewa na chuo ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo familia nyingi hujikwaa.

Barua iliyotoka ng'ambo

Binti ya dada yangu ni mtabibu wa viungo. Alipata shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha umma hapa nchini, akasajiliwa, akaajiriwa katika hospitali moja ya kaunti, na akafanya kazi miaka minne. Mwaka jana aliomba nafasi ya uzamili katika vyuo viwili, kimoja cha hapa Afrika Mashariki na kingine cha Marekani. Vyote vikamkubali.

Kwa mila yetu Wakipsigis, mjomba hawezi kuachwa nje ya shauri kubwa la mtoto wa dada yake. Basi nikaitwa. Nilimkuta shemeji yangu ameshapiga hesabu zake. Ng'ombe watatu, bonasi ya mwaka, mkopo wa Sacco, na nusu ekari ya chai ambayo jirani alikuwa akiitamani siku nyingi.

"Mjomba wa watoto," akaniambia, "huyu akienda Marekani mwaka mmoja tu, ataanza kutibu watu huko kwa dola. Nusu ekari tutainunua tena mara tatu."

Nilimwomba binti anipe ile barua niisome. Nikaisoma pole pole, kisha nikamuuliza swali moja: "Mwanangu, hii shahada itakupa leseni ya kutibu huko?"

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, inaitwa uzamili katika sayansi ya urekebishaji wa viungo. Baba anaona ni kitu kile kile."

Si kitu kile kile, msomaji mpenzi. Na swali hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulikate na kulibandika ukutani.

Huu ni mlango gani?

Masomo ya juu ya tiba ya viungo yana milango miwili, na majina yake hufanana kama mapacha. Mlango wa kwanza ni wa kuingia katika kazi. Huo humchukua mtu mwenye shahada ya fani nyingine na kumfanya mtabibu. Mlango wa pili ni wa kupanda cheo. Huo humchukua aliye mtabibu tayari na kumpa ubingwa, au kumfundisha utafiti ili awe mhadhiri. Ukipita mlango wa pili ukidhani ni wa kwanza, utatoka na cheti kizuri sana kisichokupa ruhusa ya kumgusa mgonjwa.

Chukua mfano wa Marekani. Huko mlango wa kuingia kazini sasa ni shahada ya kiwango cha udaktari iitwayo DPT, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Tangu mwaka wa 2016 tume iitwayo CAPTE, ambayo ndiyo hukagua programu hizo, haitambui programu ya kumwandaa mtabibu iliyo chini ya kiwango hicho. Baada ya hapo kuna mtihani wa kitaifa, NPTE, kisha leseni ya jimbo. Mkenya aliyesomea hapa nyumbani anaweza kuomba leseni huko, lakini sharti kwanza masomo yake yachunguzwe na kulinganishwa na ya kwao, athibitishe Kiingereza chake, na apite mtihani huo. Uzamili wa mwaka mmoja wa utafiti haumrukishi hatua hizo.

Uingereza nako kuna uzamili wa aina mbili. Upo wa miaka miwili hivi kwa wenye shahada za fani nyingine, ambao ukimaliza unaweza kuomba kusajiliwa na HCPC, chombo kinachosajili watabibu wa viungo huko. Na upo wa kuwaendeleza waliokwisha kuwa watabibu. Huo wa pili haukupi usajili wenyewe.

Hapa kwetu mlango wa kuingia kazini haujapanda hivyo. Kijana wa kidato cha nne anaweza kupitia diploma katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kilichoanzishwa mwaka wa 1927, au shahada ya kwanza katika vyuo vikuu kama Jomo Kenyatta kule Juja au Moi kule Eldoret. Uzamili huja baadaye. Kwa hivyo Mkenya anayeomba uzamili, mara nyingi anatafuta mlango wa pili. Hilo si baya. Baya ni kuuza shamba ukidhani unanunua kitu kingine.

Nani anakitambua?

Swali la pili lina sehemu mbili, na watu huzichanganya. Kozi ya chuo kikuu hutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mtabibu mwenyewe husajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Moja hukagua darasa, jingine humsajili mtu. Uliza kote kuwili, na uulize kabla ya kulipa hata shilingi. Usiridhike na neno la karani wa usajili anayekwambia kwamba "mambo yanashughulikiwa". Yakishashughulikiwa, yataandikwa kwenye orodha.

Nina jirani huku ambaye mwanawe alisomea kozi ya tiba ya viungo katika chuo kimoja cha kibinafsi ambacho sitakitaja. Alisoma miaka mitatu. Baba yake aling'oa miti ya mikaratusi yote mpaka kilima kikabaki uchi. Siku ya kufuzu tulikula, tukanywa mursik, tukaimba. Kijana alipokwenda kuomba usajili, akaambiwa kozi yake haikuwa imetambuliwa. Leo anaendesha bodaboda, na hodari ni hodari, hajalala njaa. Lakini ukipita karibu na ile karatasi yake iliyowekwa fremu sebuleni, baba yake hugeuka kutazama dirisha.

Na kama chuo kiko ng'ambo, ongeza swali jingine: nikirudi, shahada hii italinganishwa vipi na za hapa nyumbani? Pata jibu la maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hospitali iko wapi?

Tiba ya viungo haisomwi kitabuni pekee. Mikono ndiyo husoma. Kwa hivyo chuo chochote unachokifikiria, uliza wanafunzi hufanyia mazoezi wapi, kwa saa ngapi, na nani huwasimamia. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi anayejiandaa kuwa mtabibu hutarajiwa kukamilisha saa 1,000 za mazoezi na wagonjwa. Chuo kisichoweza kukutajia saa zake na hospitali zake, kitilie shaka.

Hapa ndipo jirani ya chuo huwa na maana kuliko uzuri wa majengo yake. Moi ina hospitali kubwa ya rufaa pale pale Eldoret, ambako wagonjwa wa kila namna hufika kutoka magharibi yote ya nchi. Nairobi kuna Kenyatta, na kuna hospitali ya taifa ya waliojeruhiwa uti wa mgongo. Kule Kijabe kuna hospitali ya CURE, iliyofunguliwa mwaka wa 1998, inayotibu watoto wenye ulemavu wa viungo. Huku kwetu Bomet kuna Tenwek, hospitali ya kimisheni iliyoanza kwa zahanati ndogo miaka ya 1930, na ambayo leo hupasua na kuunga mifupa siku baada ya siku. Moshi, nchi jirani ya Tanzania, kuna KCMC, inayofahamika kwa kufundisha tiba ya viungo.

Mwanafunzi wa uzamili naye aulize zaidi. Ubingwa ninaoutaka, je, wagonjwa wake wako hapa? Anayetaka kubobea katika watoto asiende mahali ambapo atawaona watoto mara moja kwa mwezi. Anayetaka wanariadha asijifungie mahali pasipo na wanariadha. Binti yetu alitaka migongo na mabega ya wafanyakazi wa mashambani. Nikamuuliza, "Mwanangu, hao utawapata Marekani au Konoin?" Akacheka, lakini aliandika swali hilo kwenye daftari lake.

Nani atakusimamia?

Shahada ya uzamili nyingi hukwama mahali pamoja: tasnifu. Mwanafunzi humaliza mihadhara kwa wakati, kisha akazunguka miaka akimtafuta msimamizi wake kama mtu aliyepoteza ndama. Uliza mapema: wahadhiri wenye ujuzi wa eneo langu ni wangapi? Kila mmoja ana wanafunzi wangapi? Katika walioanza pamoja miaka mitatu au minne iliyopita, wangapi wamefuzu?

Usiogope kuuliza maswali haya. Huko Marekani vyuo vya DPT hulazimika kutangaza hadharani ni wanafunzi wangapi wanaofuzu, wangapi wanaopita mtihani wa leseni na wangapi wanaopata kazi. Kama wao wanaweza kutangaza, chuo chako kinaweza kukujibu.

Kisha watafute waliosoma pale. Wakenya wengi walikwenda kuchukua uzamili wa tiba ya viungo katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, na wengine kati yao wakarudi kufundisha. Mtu aliyepita njia anajua mashimo yalipo. Maongezi ya nusu saa naye yatakufaa kuliko picha zote za chuo zenye nyasi za kijani na vijana wanaotabasamu.

Hesabu isiyoandikwa

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo shemeji yangu aliponikazia macho. Chuo hukuonyesha karo. Hakikuonyeshi mengine. Chukua karatasi ugawe mara mbili. Upande mmoja andika karo, malazi, chakula, nauli, bima, ada ya tasnifu, ada ya maadili ya utafiti, kompyuta. Ikiwa ni ng'ambo, ongeza visa, na ujue kwamba ubalozi wa Marekani humtaka mwanafunzi aonyeshe fedha za kumtosha kabla ya kumpa visa. Upande wa pili andika kile utakachokosa: mshahara wa miezi yote utakayokuwa darasani. Wengi husahau upande huu wa pili, na mara nyingi ndio mzito.

Kama umeajiriwa na kaunti, uliza juu ya likizo ya masomo. Je, utalipwa ukiwa chuoni? Utafungwa mkataba wa kurudi na kutumika miaka mingapi? Na ukirudi na uzamili, je, utapandishwa cheo, au utarudi katika meza ile ile na mshahara ule ule? Tangu huduma nyingi za afya zihamie kwa kaunti mwaka wa 2013, majibu hutegemea unafanyia kazi wapi. Usichukue jibu la rafiki wa kaunti nyingine ukalifanya lako.

Na iwapo unataka kuwa mhadhiri, basi hesabu hugeuka. Huko uzamili ni ngazi ya lazima, na baada yake huja uzamifu. Jiulize kwa uaminifu: ninataka kufundisha, kutafiti, au kutibu vizuri zaidi? Kwa hili la tatu, wakati mwingine kozi fupi ya majuma machache chini ya bingwa humfaa mtu kuliko miaka miwili ya tasnifu.

Mikono yako inasemaje?

Swali la mwisho hakuna chuo kitakachokujibu. Kazi hii ni ya kusimama, kuinama, kumwinua mtu mzima kutoka kitandani. Mtabibu asiyeutunza mgongo wake huishia kuwa mgonjwa wa mwenzake. Ni kazi ya subira. Mgonjwa wa kiharusi huweza kuchukua mwezi kujifunza kufunga kifungo kimoja cha shati, na wewe ndiye unayepaswa kufurahi naye kana kwamba ameshinda medali.

Ni kazi ya adabu pia. Huku kwetu kogo wa miaka themanini hawezi tu kuambiwa na kijana wa juzi avue nguo alale kifudifudi. Lazima kwanza umsalimu kwa heshima, umuulize habari za ng'ombe na za wajukuu, umweleze utagusa wapi na kwa nini, na umwite binti au muuguzi akae karibu. Anayejua lugha ya mgonjwa ameshapata nusu ya tiba. Hili halimo katika mitaala mingi, lakini wagonjwa wanalijua.

Kwa hivyo kabla hujajaza fomu yoyote, nenda ukaombe ruhusa ya kuketi siku mbili tatu katika chumba cha tiba ya viungo cha hospitali iliyo karibu nawe. Tazama. Ukiona kazi ile inakuchosha macho kabla ya saa sita, afadhali ujue sasa.

Shauri lilivyokwisha

Binti yetu aliandika maswali kumi na mawili katika karatasi moja, akayatuma kwa barua pepe kwa vyuo vyote viwili. Kimoja kilimjibu katika muda wa juma moja, swali baada ya swali, kikamtajia wasimamizi wawili na hospitali tatu, na kikamweleza wazi kwamba shahada yake haitampa leseni yoyote mpya, bali itampa ubingwa juu ya usajili alio nao. Cha pili kilimtumia shukrani, picha, na namba ya akaunti ya benki.

Shemeji alizisoma barua zote mbili, akazikunja, akazitia mfukoni. Hakusema kitu usiku ule. Asubuhi, tulipokuwa tukinywa chai, akauliza, "Huyu aliyejibu, anaanza mwezi gani?" Nikajua shauri limekwisha. Ng'ombe mmoja aliuzwa. Wawili wangali zizini, na nusu ekari ingali ya familia.

Sisemi kwamba ng'ambo ni kubaya. Wapo waliokwenda wakafanikiwa, wakawajengea wazazi wao nyumba na kurudi na ujuzi unaotufaa sote. Wala sisemi kwamba cha nyumbani ni chema kwa kuwa ni cha nyumbani. Kijana wa jirani yangu hakuvuka mpaka wowote, na alipotea hapa hapa. Ninachosema ni kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu, na njia ya kuijua dhahabu ni kuigonga.

Wewe mzazi, mtoto wako akikuletea barua ya chuo, usimwulize kwanza ni shilingi ngapi. Muulize ni mlango gani. Nawe mwanafunzi, usimwone mzazi wako anayeuliza sana kuwa mshamba. Yeye ndiye anayejua idadi ya vikapu vilivyomo ndani ya kila muhula wako. Keti naye, mwandike maswali yenu pamoja, na mngoje majibu yaliyoandikwa. Mwezi mmoja wa kungoja haujamnyima mtu shahada. Miaka mitatu ya haraka imewanyima wengi.